Rudisheni ukuta wa MB 700: barua ya wazi kwa wasimamizi wa mifumo huria

Ndugu wasimamizi wa Debian, Ubuntu, Fedora, nanyi wengine mnaotuandalia mifumo endeshi huria,

Salamu ziwafikie huko mliko. Sisi wa Morogoro hatujambo, umeme tu ndio unaotuchezea. Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina meza mbili, feni moja, na kopo la skrubu ambazo hata mimi sijui zilitoka kwenye mashine gani. Mteja akiingia hasemi mengi: "Fundi, hii inaganda, nipigie Windows." Naifungua, naangalia ramu, naangalia diski, kisha namweleza kwamba Windows anayoitaka mashine hii haitaibeba, ila ipo njia nyingine. Kwa zaidi ya miaka 10 njia hiyo nyingine mmekuwa ninyi. Kwa hiyo kabla ya lawama, asanteni. Nasomesha watoto kwa kazi ambayo malighafi yake mnanipa bure, na hilo silisahau hata ninapokasirika.

Nawaandikia kwa Kiswahili nikijua wengi wenu hamkisomi. Lakini mmoja wenu aliuita mfumo wake Ubuntu, na neno hilo ni ndugu wa damu wa utu, basi tuhesabu kwamba tunaelewana. Tena mafundi wenzangu watakaoisoma barua hii ni wengi kuliko ninyi, na ningependa waisikie wao kwanza.

Mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi. Siku moja nikajaza fomu kwenye intaneti kafe kuomba CD ya Ubuntu. Wakati huo Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, walikuwa wanazituma bure kwa posta duniani kote, huduma waliyoiita ShipIt, iliyodumu hadi 2011. Nikajaza, nikasahau. Wiki kadhaa baadaye nikaitwa posta kuchukua bahasha. Jina langu limeandikwa sawasawa, ndani mna CD kwenye jalada la karatasi ngumu, na karani ananiuliza nimeagiza nini Ulaya. Nilishindwa kumjibu, maana sikuwa nimelipa hata senti. Usiku ule niliiwasha kompyuta ya mwenzangu wa bweni kwa CD ile. Mfumo ukafunguka mzima: kivinjari, programu za ofisi, kicheza muziki, hata michezo miwili mitatu, vyote ndani ya kisahani kimoja chenye nafasi ya MB 700.

Nafasi ile ya MB 700 ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Ulikuwa ukuta. Hamkuuchagua ninyi, waliuweka watengenezaji wa CD, lakini uliwafanyia kazi ambayo hakuna meneja angeiweza. Toleo jipya lilipokaribia na mtu akataka kuingiza kitu, aliulizwa: tutoe nini? Mwaka 2010 GIMP, programu ya kuhariri picha, iliondolewa kwenye CD ya Ubuntu 10.04, watu wakapiga kelele. Mwaka 2012 Banshee ya muziki na Tomboy ya kuandika dondoo zikaondolewa, na Mono, jukwaa lililozibeba, likaondoka pamoja nazo, wengine wakanuna mwezi mzima. Kelele zile zilikuwa afya. Palikuwa na mizani mezani, na kila kilichobaki ndani ya CD kilikuwa kimepata mtu wa kukitetea.

Oktoba 2012 toleo la 12.10 lilivuka mstari, likatoka na takriban MB 800. Sababu zilikuwa za haki. Laptopu mpya zilikuwa zinakuja bila tundu la CD, na flashi zilikuwa zimeshuka bei hadi zinauzwa na machinga. Ukuta ule ulistahili kuvunjwa. Kilichonishangaza, na bado kinanishangaza, ni kwamba hamkujenga mwingine mahali pake. Leo faili la Ubuntu 24.04 linapita GB 5. Karani wangu wa posta angenikabidhi bahasha yenye CD zaidi ya 7.

Mtaniambia kwamba tangu toleo la 23.10 usakinishaji mdogo ndio chaguo la kwanza, asiyetaka programu za ziada hazimwingilii kwenye diski. Kweli, na ni hatua nzuri. Lakini faili ninalopakua ni lile lile, liwe la mdogo au la mkubwa. Ni sawa na mama ntilie anayekuruhusu kula wali mtupu, ila nyama, maharage na kachumbari sharti uvilipie kwanza.

Sasa niwaeleze kisa cha shule moja.

Ipo zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, barabara ya vumbi. Walipata msaada wa laptopu ndogo 14 aina ya HP Stream za mwaka 2014, zile zilizouzwa Marekani kwa dola 199. Ramu GB 2, hifadhi GB 32, vyote vimechomelewa kwenye bodi. Fundi hana cha kuongeza, ni kama mtoto aliyezaliwa na kimo chake. Mwalimu mkuu aliniita nizipige mfumo. Nikachagua mmoja wenu, simtaji jina, kwa sababu ugonjwa nitakaousimulia umewagusa wengi. Nilifanya kazi siku 2. Ijumaa jioni mashine zote 14 zilikuwa zinawaka, watoto wamepanga foleni mlangoni kuangalia, na mwalimu wa kompyuta ameshajifunza kuzima na kuwasha bila kuniita. Nikapanda bodaboda nikarudi zangu.

Jumatatu saa 2 asubuhi simu ikalia. "Fundi, hizi mashine zako zinakunywa bando."

Modemu ya shule ilikuwa na GB 10, ambazo mwalimu mkuu alizinunua kwa hela yake ya mfukoni ili atume taarifa za wanafunzi wilayani. Mwalimu wa kompyuta aliziacha mashine zimewashwa Jumamosi, kwa nia njema tu, anafanya mazoezi. Programu za mfumo ule hujisasisha zenyewe kimyakimya, hakuna dirisha linalofunguka kuuliza. Niliporudi nikasoma kumbukumbu ya mashine moja baada ya nyingine. Kila moja ilivuta kama MB 700: kivinjari kilekile, maktaba zilezile za michoro, na furushi la mandhari na aikoni ambalo hakuna aliyeliomba. Zidisha kwa 14. Kitu kimoja kimepita kwenye modemu moja mara 14, GB 10 zikaisha, na taarifa za wilayani hazikwenda.

Niliona aibu kuliko mwalimu mkuu. Yeye alicheka tu, akasema mashine zina kiu kwa sababu ya joto.

Kwa Kiswahili chetu neno kifurushi lina maana mbili siku hizi. Kuna kifurushi cha programu, hicho chenu, na kuna kifurushi cha intaneti, tunachokinunua kwa saa, kwa siku au kwa wiki. Cha kwenu kinakula cha kwetu. Ninyi mnaunda mfumo mkiwa kwenye intaneti isiyohesabiwa, nyuzi za kioo hadi chumbani, na mtu aliyeongeza MB 300 kwenye toleo hakuona chochote kikipungua mahali popote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio kanda la usufi.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ya kisa kile mlikuwa nayo zamani. Vifurushi vya Debian ni mafaili ya kawaida kwenye seva ya kawaida. Nikiweka apt-cacher-ng, programu ya kuhifadhi vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa, kwenye mashine moja, hiyo inavuta faili mara moja na zile 13 zinachukua kwake kupitia waya wa ndani ya darasa. Naweza hata kuibeba hazina ya Debian kwenye diski, nikapanda nayo bodaboda, nikasasisha shule nzima bila hata MB moja ya modemu. Debian bado mnatoa seti za DVD kwa ajili ya watu kama mimi, na kwa hilo Mungu awazidishie. Huu ni ustadi mkubwa uliojificha kwenye kitu kinachoonekana cha kizamani. Miundo mipya ya vifurushi, Snap na Flatpak, imeleta mema yake. Programu imefungwa kwenye chumba chake, haiwezi kuzurura ndani ya mafaili yangu, na msanidi anatoa toleo jipya bila kusubiri miaka 2. Snap hata inajua kutuma tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, jambo ambalo Fedora mliliacha kwa upande wa RPM, vifurushi vyenu, mlipofika toleo la 40 mwaka 2024. Lakini duka la Snap upande wa seva limefungwa, siwezi kuligawa darasani kama ninavyoligawa la apt, kisakinishi cha vifurushi vya Debian. Na Flatpak, ukisakinisha programu 2 zilizojengwa juu ya matoleo 2 tofauti ya msingi uleule, inakuletea misingi yote miwili. Kwenye hifadhi ya GB 32 hilo si jambo la kinadharia. Ni mtoto kushindwa kuhifadhi insha yake kwa sababu diski imejaa.

Msifikiri basi kwamba upande wa kizamani ni wasafi. Debian, tangu toleo la 5.0 mwaka 2009, apt inasakinisha pia vifurushi "vinavyopendekezwa", labda umkataze. Mapendekezo mengi yana busara. Mengine yamekaa pale miaka na miaka kwa sababu hakuna aliyerudi kuyauliza mnafanya nini hapa. Mfano ninaoupenda ni mdadm, programu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Kwa miaka mingi ilipendekeza seva ya barua pepe, ili diski ikifa ikuandikie barua. Wazo zuri sana, zamani hizo, kwa mtu mwenye chumba cha seva. Mimi nilitaka kuunganisha diski 2 za mwenye studio ya picha, nikaletewa na ofisi ya posta. Siku hizi kwenye kila mashine ninaandika mstari mmoja wa kuzima mapendekezo kabla sijafanya lolote, na mafundi wote ninaowajua wanaandika mstari uleule. Chaguo la kiwandani ambalo kila mwenye uzoefu analizima siku ya kwanza linataka kuangaliwa upya.

Kuna watakaosema fundi huyu analia njaa ya bando, hayo ni matatizo ya Afrika, yataisha nyaya zikifika. Basi tuache bando. Tuzungumze mlango wa nyuma uliotaka kuwaingia ninyi wenyewe.

Machi 29, 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza alichokigundua. Alikuwa anapima kasi ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kwenye Debian ya majaribio, akaona kuingia kwa SSH (mlango wa kuingilia mashine kutoka mbali) kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kunakula prosesa bila sababu. Mwingine angesema mtandao leo umechoka. Yeye akachimba, akakuta programu ya kubana mafaili iitwayo xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, imepandikizwa sumu inayomfungulia mwenye ufunguo wa siri mlango wa SSH. Dunia nzima ikashika kichwa, tukaambiwa kisa kinahusu wajitolea waliochoka na mtu aliyejifanya msaidizi kwa miaka. Ni kweli. Lakini mimi kama fundi niliuliza swali la kifundi: SSH na kubana mafaili wamejuana wapi? OpenSSH, programu inayoendesha SSH, kama inavyotoka kwa wenyewe haitumii xz hata kidogo.

Jibu ni hili. Debian, Fedora na wengine mliitia OpenSSH kiraka ili ikishaamka imjulishe systemd, programu inayowasha huduma za mfumo, kwamba iko tayari. Ujumbe wenyewe ni READY=1. Herufi na alama 7. Kutuma alama hizo 7 mliunganisha maktaba nzima ya libsystemd, na libsystemd kwa mahitaji yake mengine ikaja imemshika mkono liblzma ya xz. Ndiyo njia aliyopitia mwizi. Kazi ileile inafanyika kwa mistari michache ya msimbo bila maktaba yoyote, na OpenSSH wenyewe waliiweka katika toleo la 9.8, Julai 2024, baada ya moto kuzimwa. systemd nao walikuwa wameshaanza kurekebisha, maktaba zile zisipakiwe mpaka zinapohitajika kweli.

Kwa hiyo ninaposema uzito, nakusudia hata hesabu ya milango. Kila kifurushi kilichoingia kwa sababu "hakina madhara" ni mtu aliyelala sebuleni kwako usiyemjua kwa jina. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, kerneli au kiini cha mifumo yenu, mwaka 2009 akiwa Portland, alikiri hadharani kwamba kerneli imekuwa kubwa na imevimba. Alisema hivyo akiwa na kerneli ndogo kuliko ya leo.

Hapo ndipo wale jamaa wa upande wa pili, wapenda mifumo iliyokonda, wanaponipigia makofi. Nao nina neno nao.

Nawaheshimu. Alpine inafanya maajabu, msingi wake wa kontena, yaani sanduku la kuendeshea programu kwenye seva, una kama MB 5 na seva nyingi duniani zimesimama juu yake. Tiny Core inafungua meza ya kazi yenye madirisha ukiwa na faili la MB ishirini na kitu. Nimezitumia zote mbili na nimefurahi kama mtoto. Kisha mteja akaja na printa. Siku ile nilijifunza kwamba baadhi ya watu wanaita "mafuta" kitu ambacho kwa mwenzao ni mfupa. Wapo wanaojisifu wamefuta lugha zote isipokuwa Kiingereza. Hizo zilizofutwa ni zangu. Wapo wanaoondoa kisoma skrini kwa sababu wao wanaona. Nina mteja asiyeona, mwalimu mstaafu, anayetumia Orca pamoja na espeak-ng yenye sauti ya Kiswahili. Sauti yenyewe ni ya kibati, inatamka "ng'ombe" kama imepaliwa, lakini inamsomea magazeti kila asubuhi na inakula MB chache tu. Kisakinishi cha Debian chenyewe kinaweza kuzungumza, unabonyeza s mwanzoni. Mkikigusa hicho kwa jina la kukonda, tutagombana.

Au firmware, programu ndogo inayokiwezesha kifaa kama kadi ya waifai kufanya kazi. Kabla ya Debian 12 nilikuwa natembea na flashi 2, moja ya mfumo na nyingine ya firmware ya kadi za waifai, kwa sababu isiyo huria haikuruhusiwa kwenye kisakinishi rasmi. Mlipiga kura mwaka 2022, Juni 2023 toleo la 12 likatoka firmware ikiwa ndani. Faili likanenepa, na mimi nikafurahi, maana waifai ilishika papo hapo. Uzito ule ulikuwa na kazi, ulikuwa na sababu, na ulipigiwa kura hadharani. Hivyo ndivyo uzito unavyopaswa kuingia nyumbani, kwa mlango wa mbele, umebishiwa hodi.

Suala la mashine za zamani za biti 32 silileti hapa kwa malalamiko. Debian 13, Agosti 2025, mliacha kutoa kerneli na kisakinishi cha i386, na wengine walishaacha miaka mingi nyuma. Wenzangu walilia. Mimi nilikuwa na Pentium 4 moja dukani, nikaiweka juu ya kabati iwe pambo. Mashine za biti 64 zimeenea tangu enzi za prosesa ya Core 2 Duo mwaka 2006, hizo ndizo zinazoletwa kwangu, na hizo zina nguvu za kutosha kama mfumo hautazikalia kifuani.

Na zinaletwa kwa wingi. Tangu Microsoft walipofunga msaada wa kawaida wa Windows 10, Oktoba 14, 2025, kuna watu wana laptopu nzima kabisa, prosesa nzuri, ramu GB 4, wanaambiwa Windows 11 haiwataki. Hawa wanakuja mezani kwangu, wanakuja kwenu. Mnawapokea na nini? Mwenye GB 4 nikimwekea GNOME kamili, ile meza ya kazi nzito, kivinjari chenye tabo 6 na programu ya mazungumzo iliyobeba kivinjari kizima cha Chromium tumboni, anarudi wiki ijayo na neno lilelile alilokuja nalo mwanzo: inaganda. Nikimwekea Xfce, meza nyepesi, mashine ikiamka amri ya `free -h` inaonyesha MB 600 hivi zimeshikwa, anapata pumzi. Kweli, mzigo mkubwa kuliko wote siku hizi ni kurasa za wavuti zenyewe, hilo halimo mikononi mwenu na siwabebeshi. Ila zram ipo. Inabana yaliyomo kwenye ramu yakae mengi mahali padogo, na Fedora waliiwasha kiwandani tangu toleo la 33 mwaka 2020. Kwenye HP Stream za ile shule zram ndiyo iliyookoa kipindi cha kompyuta. Kwa nini wengine wenu bado mnaiacha iwe siri ya mafundi?

Mwaka 2024 John Andrews aliirudisha Damn Small Linux, mfumo aliouanzisha mwenyewe, baada ya kimya cha miaka mingi. Zamani ilikuwa na kikomo cha MB 50, ili itoshe kwenye CD ndogo ya ukubwa wa kadi ya biashara. Safari hii kikomo cha MB 50 alikiacha. Akachagua kikomo kipya. MB 700. CD zimepitwa na wakati, hakuna anayemlazimisha, kaamua mwenyewe kuujenga ukuta uleule kwa matofali yake, kisha anabishana na kila programu mlangoni. Hilo ndilo ninalowaomba ninyi wakubwa. Namba chagueni wenyewe. Iwe GB 2 kwa faili la kupakua, iwe GB 1 ya ramu mashine ikiamka kabla mtu hajagusa kitu, mnajua kuliko mimi. Lakini iwe namba, iandikwe mahali pa wazi kabla toleo halijaanza kutengenezwa, na atakayetaka kuivuka asimame hadharani aseme anatoa nini au anaomba ruhusa kwa sababu gani, kama mlivyofanya kwa firmware. Mkitoa toleo, pamoja na orodha ya mapya yote, tuandikieni na uzito wake kando ya uzito wa toleo lililopita. Mstari mmoja tu. Mfuko wa saruji una uzito umeandikwa, na haumzuii mtu kujenga.

La pili ni dogo. Msipakue chochote nyuma ya mgongo wa mtu kabla hamjamuuliza, siku ya kwanza kabisa, kama intaneti yake inahesabiwa. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, inajua kukisia: simu ya Android ikigawa intaneti hupeleka alama ya ANDROID_METERED, na mfumo unaisoma. Modemu ya shule haikupeleka alama yoyote, kwa hiyo kukisia hakutoshi, ulizeni. Swali moja kwenye skrini ya kukaribisha, palepale mnapouliza saa za eneo na aina ya kibodi. Mwalimu mkuu angelijibu kwa sekunde 2.

La tatu, pimeni kwenye mashine za watu. Najua mnazo seva za majaribio zinazojenga na kuangusha mifumo usiku kucha. Sijaona toleo lililocheleweshwa kwa sababu laptopu ya GB 2 ilishindwa kufungua hati ya kurasa 10 na kivinjari kwa pamoja.

Kwa hilo la tatu siwaachii peke yenu. Meza yangu ya pili ipo wazi. Juu yake kuna HP Stream 2, moja imepasuka kona ya skrini, na Core 2 Duo moja ambayo betri yake inashika dakika 11. Miezi 2 kabla ya toleo nitumieni faili la majaribio. Nitalisakinisha, nitaandika ramu na diski iliyotumika, kwa `free -h` na `df -h`, kabla na baada, nitamwita mwalimu mstaafu aisikilize sauti yake, na nitawarudishia majibu kwa Kiingereza changu kibovu, bila malipo. Faili lenyewe tu naomba lisizidi MB 700, kwa sababu bando la kulipakua ni la kwangu.

Wenu,
Fundi wa kompyuta, Morogoro